Etiketi za mgongo wa vitabu zinapukutika: kole gani inashika kweli?

#1 MamaVitabu_Kadutu
Jambo wote. Niko na maktaba ndogo ya mtaa hapa Bukavu, vitabu karibu 1,400, vingi ni vya kupewa. Mwezi wa tatu tulikaa siku sita, mimi na vijana wawili, tukabandika etiketi kwenye mgongo wa kila kitabu: namba ya mada juu, herufi tatu za mwandishi chini. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, kole nyeupe ya maseremala tuliyonunua Kadutu. Leo ni mwezi wa nane. Kila asubuhi nikifagia naokota etiketi chini ya rafu kama majani ya parachichi. Jana 37. Ninazitia ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Kinachonichanganya ni hiki: rafu ya vitabu vya zamani, vile vya jalada la kitambaa, haijaangusha hata moja. Rafu ya vitabu vipya vinavyong'aa ndiyo inapukutika. Kole ile ile, mikono ile ile. Jirani ananiambia ninunue kole ya viatu, mwingine skochi, ule mkanda wa plastiki unaonata, padri mmoja ananiambia uji wa muhogo. Nimsikilize nani?

#2 Bwato_Kivu
Pole Mama. Ila parachichi gani hiyo inaangusha majani 37 tu? Ya kwetu Bagira tunajaza karai mbili asubuhi.

#3 Kijana_Birere
Kole ya viatu, mambo yaishe. Mjomba wangu ni fundi viatu hapa Birere, kole ile inashika soli mwaka mzima juu ya mawe ya volkano. Kikaratasi kitaisumbua nini?

#4 FundiJalada_Lshi
Mama, mimi ni mfunga vitabu, Lubumbashi, mwaka wa 22 sasa. Kabla ya kununua kitu, mimina kopo lako mezani, chukua etiketi kumi, uzigeuze, uangalie kole imebaki wapi.

Ikiwa yote imebaki nyuma ya etiketi, kavu, laini, inang'aa kama ukucha, basi haikuwahi kushika jalada. Ikiwa nusu iko kwenye etiketi na nusu kwenye kitabu, kole yenyewe imekatika katikati: ilikuwa kidogo au nyepesi. Na ikiwa karatasi imechanika, ngozi yake moja imebaki kwenye kitabu, kole haina kosa lolote. Hapo tafuta vidole vya watoto.

Mimi nabahatisha utakuta ya kwanza. Kole nyeupe ni maji yenye chembe ndogo sana za plastiki ndani yake. Ukiipaka kwenye mbao, karatasi au kitambaa, maji yanaingia ndani ya nyuzi, chembe zinafuata, maji yanakwenda zake, chembe zinabaki zimeng'ang'ania humo. Vitabu vyako vipya vimevikwa utando wa plastiki. Maji hayana pa kuingia. Kole inakauka juu juu kama uji kwenye sahani, na uji uliokauka kwenye sahani unajua jinsi unavyobanduka.

#5 Mwalimu_Kemia
Nakubaliana na Fundi #4 karibu yote. Lakini huyu wa #3 asiachwe apite.

Kole ya viatu ni mpira wa neopreni ulioyeyushwa katika dawa kali, mara nyingi tolueni. Inashika, sibishi. Ila (1) Mama atapaka etiketi 1,400 ndani ya chumba kimoja, na mvuke ule ndio unaowalewesha watoto wa mtaani. (2) inageuka njano halafu kahawia, na rangi hiyo inapenya karatasi hadi juu. (3) siku ukitaka kubadilisha namba, utang'oa na ngozi ya jalada. Soli ya kiatu hakuna anayetaka kuibandua na kuisoma.

Na kabla hajaja wa kusema «super glue»: ile inaitwa sianoakrilati, Harry Coover aliikuta mwaka 1942 akitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea bunduki, akaiacha kwa sababu ilinata kila kitu. Ilianza kuuzwa 1958. Ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na mgongo wa kitabu unapinda kila kinapofunguliwa. Kioo hakipindi.

#6 Kijana_Birere
Sawa Mwalimu, nimekaa.

#7 MamaVitabu_Kadutu
Asante Fundi. Nimegeuza kumi. Saba ni ukucha kabisa, zinang'aa. Mbili nusu kwa nusu. Moja imechanika, na huyo mtoto namjua.

#8 Katuba_Moja
Miye sielewi kitu kimoja. Mama anasema hajui etiketi ni za kitabu gani. Si namba imeandikwa juu yake?

#9 MamaVitabu_Kadutu
Sikusema hivyo, lakini umegusa kidonda. Kopo lina etiketi kumi na tisa zilizoandikwa 843, hadithi za Kifaransa. Sita kati yake ni 843 DUM. Njoo unisaidie, Katuba.

#10 Himbi_77
Ninyi wote mnamsukuma Mama kwenye etiketi za kujibandika, nataka nimwambie yaliyotupata Goma. Maktaba ya shule, miaka minne iliyopita tulinunua zile nyeupe, unabandua, unabandika, raha tupu. Mwaka wa kwanza, safi. Mwaka wa pili kingo zikaanza kutoa ute. Vumbi letu mnalijua, jeusi, la mawe ya volkano ya Nyiragongo, linaingia hata ndani ya chumvi. Likanasa kwenye ule ute na kila etiketi ikavaa ukingo mweusi kama barua ya msiba. Mwaka wa tatu vitabu vikashikana: unavuta kimoja, vinakuja vitatu. Sasa ute umekauka, umekuwa kahawia, na etiketi zinaanguka kama za Mama. Nimeyaona maisha yote ya ile kole, kuzaliwa mpaka kufa.

#11 FundiJalada_Lshi
Bado sijamwambia mtu anunue etiketi za kujibandika, Himbi. Nilikuwa njiani.

#12 Mwalimu_Kemia
Aliyoyaona Himbi #10 ndiyo tabia ya kole ya mpira: hewa inaila, inageuka njano, inakuwa ute, halafu inakauka na kuachia. Skochi za zamani zilikufa hivyo hivyo. Richard Drew wa kampuni ya 3M aliitoa ile ya kwanza mwaka 1930, na ukifungua kitabu kilichotengenezwa kwa skochi ya miaka mingi utakuta alama ya kahawia peke yake, plastiki imeanguka zamani.

Lakini kuna etiketi za kujibandika zenye kole ya akriliki. Hiyo haizeeki haraka namna ile. Shida ni kwamba dukani zote mbili ni nyeupe, zote mbili zinanata, na muuzaji atakwambia ndiyo kwa jina lolote utakalotaja.

#13 Himbi_77
Basi tunazitofautishaje, Mwalimu? Kwa kulamba?

#14 Mwalimu_Kemia
Kwa dirisha. Bandika moja ya kila aina kwenye kioo kinachopigwa na jua, ukae wiki kadhaa. Ukiangalia kutoka nje, ya mpira itakuwa imegeuka njano, ya akriliki itabaki ilivyokuwa. Tena ya mpira inashika papo hapo kwa nguvu, ya akriliki inaanza kwa unyonge, inaongezeka nguvu siku moja au mbili. Kwa hiyo ukiona etiketi inang'ang'ania kidole dukani, usifurahi.

#15 Sista_wa_Rafu
Tumsifu Yesu Kristo. Nimetunza maktaba ya nyumba yetu miaka mingi, nina machache.

Kwanza, jalada linalong'aa lina mafuta ya mikono. Kabla ya kubandika chochote, pitisha kitambaa chenye alkoli kidogo, uache likauke. Tusipofanya hivyo tunabandika etiketi juu ya mafuta ya samaki, zile sambaza za jana.

Pili, kata pembe za etiketi ziwe za mviringo. Kona ya mraba ndiyo inayoanza kunyanyuka, vitabu vinapoingia na kutoka vinaikwaruza. Tatu, ukishabandika, sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda kingoni. Kidole hakitoshi.

Nne, vile vya zamani vya ngozi, ikiwa unavyo, usivibandike kitu chochote. Andika namba kwenye ukanda mrefu wa karatasi nzuri, uchomeke ndani kama ulimi unaotokeza juu. Gundi yoyote kwenye ngozi kavu ni majuto.

#16 Bwato_Kivu
Milele amina, Masista. Lakini sambaza ziachwe nje ya mjadala huu, hazijamkosea mtu.

#17 Katuba_Moja
Mie naona mumesahau hewa. Mama alibandika mwezi wa tatu, Bukavu mvua inanyesha kila siku. Sasa ni kiangazi. Karatasi ilibandikwa ikiwa imeshiba maji ya hewani, ikakauka, ikajikunja, ikajivuta yenyewe. Huku Lubumbashi mvua ikikata, mpaka mwezi wa kumi hakuna tone, milango ya kabati inapungua hadi inafunguka yenyewe usiku. Kole gani itashinda hiyo?

#18 Himbi_77
Kama ni hewa, mbona vya kitambaa havikuanguka? Hewa ya chumba ni moja.

#19 Katuba_Moja
Kwa sababu kitambaa nacho kinapungua pamoja na karatasi. Plastiki haisogei. Mmoja anavuta, mwingine amesimama, kole iko katikati inapata taabu.

#20 FundiJalada_Lshi
Kijana wa Katuba hajakosea, ila ameshika mkia wa ng'ombe akadhani ni ng'ombe mzima. Karatasi haipungui sawasawa pande zote. Ina uelekeo wa nyuzi. Ikiloa inapanuka sana kwa upana wa nyuzi na kidogo sana kwa urefu wake. Chukua kipande cha karatasi, ulowanishe upande mmoja: kitajiviringisha kama bomba. Urefu wa bomba ndio uelekeo wa nyuzi.

Sasa mgongo wa kitabu ni wa mviringo. Nyuzi zikisimama wima, sambamba na mgongo, etiketi inauzunguka bila ubishi. Zikilala, etiketi inataka kurudi bapa kama ubao, na kole nyeupe kabla haijakauka inaiacha inyanyuke pembeni. Karatasi ya A4 mara nyingi nyuzi zake zinafuata urefu. Mama, uliponyesha zile etiketi kwenye mashine, maandishi yalikuwa yamesimama au yamelala?

#21 MamaVitabu_Kadutu
«Uliponyesha»? Fundi, mashine yangu haina mvua. Ila nimeelewa. Nililaza ukurasa ili zienee nyingi. Kwa hiyo nyuzi nazo zimelala?

#22 FundiJalada_Lshi
Ulipochapisha, samahani, simu inajiandikia. Ndiyo, zimelala. Lakini za kitambaa nazo zimelala na hazikuanguka, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi. Ni sababu inayosaidia nyingine.

#23 Mzee_wa_Nguba
Hamjambo wajukuu. Zamani hatukubandika. Kitabu cha kitambaa kiliandikwa moja kwa moja mgongoni kwa wino mweupe na kalamu ya chuma, ukikauka unapakwa shelaki, aina ya vanishi, juu yake. Ziko namba nilizoandika kijana na bado zinasomeka. Mwandiko ulikuwa ni mwandiko. Leo mnatafuta kole kwa sababu hamjui kuandika.

#24 Bwato_Kivu
Shikamoo mzee. Namba ukikosea ulikuwa unafanyaje?

#25 Mzee_wa_Nguba
Hatukukosea.

#26 Msaidizi_wa_2
Jambo. Mimi ni mmoja wa wale vijana wawili wa Mama. Rafiki yangu amenitumia uzi huu, nimesoma mpaka hapa, moyo unadunda. Mama, nisamehe. Siku ya tano kole ilikuwa imebaki robo ya kopo na wewe ulikuwa umekwenda mazishini. Tukaongeza maji ili itoshe. Tulianza na rafu ya kitambaa, tukamaliza na vile vinavyong'aa.

#27 Bwato_Kivu
Eeeeh!

#28 MamaVitabu_Kadutu
Msaidizi, kesho uje. Uje na ufagio.

#29 Himbi_77
Basi kesi imekwisha. Maji.

#30 FundiJalada_Lshi
Haijaisha. Kole iliyotiwa maji ingekatika katikati, nusu huku nusu kule, au ingenywewa na karatasi. Mama amekuta mbili tu za namna hiyo kati ya kumi. Saba zilikuwa ukucha. Sisi wafunga vitabu tunapunguza kole nyeupe kila siku, tunaichanganya na metiliselulosi, kole laini inayokauka polepole, ili tupate muda wa kunyoosha karatasi, na inashika. Kijana alikosea, lakini sidhani ni yeye aliyeangusha etiketi.

#31 Mwalimu_Kemia
Hapo mimi na Fundi tunaachana kidogo. Kole nyeupe ikitiwa maji mengi chembe zinakaa mbali mbali, utando unatoka mwembamba, wenye matundu. Tena maji ya bomba au ya ziwa? Na karatasi ikinywa maji mengi inapanuka zaidi, halafu inapungua zaidi: tumerudi kwa yule wa Katuba. Saba za ukucha hazinizuii kusema hivyo. Utando mwembamba juu ya plastiki nao unatoka kama ukucha.

#32 Katuba_Moja
Naona sasa nimepata ng'ombe mzima.

#33 Padri_Mstaafu
Nadhani mimi ndiye yule padri wa muhogo. Sikutania. Mabango ya kanisani tumeyabandika kwa uji wa muhogo miaka yote na ukutani hayatoki mpaka mvua ikaze. Uzuri wake ni mmoja ambao hakuna aliyeutaja: unarudi nyuma. Ukitaka kuondoa etiketi, lowanisha kidogo, subiri, inatoka yenyewe bila kuumiza kitabu. Kole nyeupe ikishakauka haikusikilizi tena, utaivimbisha kwa maji lakini haitayeyuka.

#34 Sista_wa_Rafu
Baba ana haki, na wanaokarabati vitabu vya thamani duniani wanatumia uji wa wanga wa ngano kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wanga, si unga. Unga wa bugali una nyuzi na makapi. Changanya unga na maji mengi, chuja kwa kitambaa, acha maji yatulie. Ule weupe unaotuama chini ndio wanga. Sehemu moja ya wanga kwa sehemu nne au tano za maji, koroga juu ya moto wa polepole mpaka ubadilike uwe angavu kidogo, uuache upoe, uuchuje tena. Unakaa siku chache tu, ukinuka uchachu mwaga.

Ila kwenye plastiki hautashika kamwe. Na una wageni: mende na wale wadudu wa fedha wanaokimbia ukifungua kitabu. Kwao hicho ni chakula kilichoandaliwa mezani.

#35 FundiJalada_Lshi
Wazee walionifundisha walitia sulfati ya shaba kidogo kwenye uji, yale mawe ya bluu, ili wadudu wasile. Huku kwetu shaba haijapata kukosekana. Wengine walitia shabu. Mimi sitii vyote viwili: shabu inatia asidi, karatasi inageuka kahawia na kukatika, na yale mawe ya bluu ni sumu, sitaki mtoto alambe kidole baada ya kugeuza ukurasa.

#36 Kijana_Birere
Nimerudi. Kuna anayejua kole ya maziwa? Bibi yangu kule Masisi alikuwa anagandisha maziwa yaliyotolewa mafuta, anakamua, anachanganya na chokaa, anabandikia mipini ya visu.

#37 Bwato_Kivu
Yaani tubandike vitabu kwa fromaji ya Masisi! Panya wa Bukavu watajifunza kusoma.

#38 Mwalimu_Kemia
Mnacheka, lakini huyu ana haki. Ni kaseini, kole ya kweli kabisa, maseremala waliitumia kabla ya hizi za kopo. Protini ya maziwa pamoja na chokaa. Inashika mbao kwa nguvu sana. Kwenye mgongo wa kitabu itakuwa ngumu mno, na kwa unyevu wa kando ya ziwa itaota ukungu. Mpe salamu bibi.

#39 Himbi_77
Kabla hatujafika kwenye yai bichi: Mama, namba zako za kupangia vitabu ni za mfumo wa Dewey au wa CDU? Nauliza kwa sababu sisi tulianza na CDU, mabano, nukta mbili, alama za kujumlisha, etiketi ikawa ndefu kuliko mgongo wenyewe. Nusu ya kuanguka kwa zetu ilikuwa ni upana.

#40 MamaVitabu_Kadutu
Dewey, na ninaikata fupi. Historia ya nchi yetu 967.51, Kiswahili 496.392, basi. Vitabu vyembamba nimeweka etiketi kwenye jalada la mbele, chini, karibu na mgongo.

#41 Mzee_wa_Nguba
CDU ni ya Wabelgiji, Otlet na La Fontaine, waliichukua Dewey wakaijaza alama. La Fontaine akapewa Nobeli ya amani mwaka 1913. Si kwa ajili ya CDU, nadhani.

#42 Katuba_Moja
Fundi, mie nilikuwa nauliza, pasi je? Nimeona mtu anapaka kole nyeupe nyuma ya karatasi, anaiacha ikauke kabisa, halafu anaikandamiza na pasi ya moto.

#43 FundiJalada_Lshi
Inafanya kazi. Kole nyeupe ikikauka ni plastiki, ikipata joto inalainika tena na kunata. Paka etiketi, na kwenye kitabu cha kitambaa paka kidogo pia, acha vikauke, weka etiketi mahali pake, karatasi ya kuokea juu yake, pasi ya joto la chini, hesabu mpaka kumi. Karatasi haipati maji, kwa hiyo haipanuki wala haipungui. Kuna etiketi za kiwandani zinazobandikwa kwa joto namna hii hii.

Ila nakuonya: kwenye majalada yanayong'aa joto linaweza kuikunja ile plastiki. Na kwa pasi ya makala, nani anajua joto lake?

#44 MamaVitabu_Kadutu
Umeme wetu unakuja saa nane za usiku. Ni pasi ya makala au hakuna.

Wiki tatu zimepita tangu niandike, nilitaka nijaribu kabla ya kurudi hapa. Nimechukua vitabu 40 vya kung'aa, Msaidizi ndiye aliyefanya kazi, bila maji safari hii.

Kumi: kole nyeupe nzito, jalada limefutwa kwa alkoli. Nne zimeshaanguka.
Kumi: kole nyeupe, lakini kabla yake tulikwaruza mgongo kidogo kwa msasa laini, mahali pa etiketi tu. Imeanguka moja.
Kumi: etiketi za kujibandika kutoka papeteri ya mjini, muuzaji ameapa ni akriliki. Zote ziko. Nyingine ziko dirishani kama Mwalimu alivyosema, bado nyeupe.
Kumi: karatasi ya kawaida haina kole kabisa, imefunikwa na mkanda wa plastiki angavu unaoipita kila upande kama sentimita moja. Zote ziko, lakini mkanda ni ule wa makatoni na tayari unaonyesha mikunjo.

Kumi za kitambaa nimebandika kwa uji wa Baba Padri, wanga uliochujwa kama Sista alivyoeleza.

#45 Mwalimu_Kemia
Msasa umekupa tofauti ya nne kwa moja! Ila kumi ni chache, Mama, moja au mbili zingeweza kuwa bahati. Mkanda wa makatoni utoe. Mara nyingi kole yake ni ya mpira, ni mwaka wa kwanza wa Himbi huo.

#46 Himbi_77
Nathibitisha. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri sana.

#47 FundiJalada_Lshi
Msasa sipendi. Unajeruhi kitabu ili kukitambulisha. Lakini ni wako, na ni vya kusomwa, si vya kabati la vioo. Karatasi ulikata nyuzi wima safari hii?

#48 Msaidizi_wa_2
Wima, Fundi. Zote 40. Kwa hiyo hatuwezi kujua kama ni nyuzi zilizosaidia au ni maji ambayo sikutia.

#49 Katuba_Moja
Au mvua iliyorudi Bukavu wiki hii.

#50 Padri_Mstaafu
Na zangu za muhogo, Mama? Hukusema.

#51 MamaVitabu_Kadutu
Tisa zimeshika vizuri sana, Baba, huwezi hata kuona ukingo. Ya kumi leo asubuhi nimekuta imebaki nusu. Haikuanguka. Ina alama za meno pembeni, ndogo ndogo, na herufi za mwandishi hazipo.

#52 Bwato_Kivu
Ilikuwa ya mwandishi gani?